Maneno ya Kwenda na Kurudi

"Hivi nyinyi wawili, hiyo dua mnayosoma kutwa nzima, mbona kama inakwenda kinyumenyume?"

Ndivyo alivyowahi kuuliza jirani, yule muuza ndoo wa mlango wa pili. Ukuta uliotenga duka lake na chumba cha ushonaji ulikuwa wa mbao nyembamba, na yeye hakuwa mtu wa kuacha sikio likae bure. Kwa muda mrefu alikuwa akisikia cherehani mbili zikinguruma, mara zinanyamaza, mara sauti moja inatupa neno na ya pili inalidaka, halafu vicheko. Siku hiyo uvumilivu ukamwishia. Akachungulia mlangoni na ndoo mkononi, uso umemkaa kama aliyekuja kufumania.

Mama Pindo alicheka mpaka uzi ukamchomoka kwenye sindano. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Wateja ndio waliomwita hivyo, kwa kuwa pindo la sketi akishalikunja yeye halifumuki mpaka sketi yenyewe iishe. Alikuwa mjane, mtu wa sala, na hakupenda hata kidogo kudhaniwa mchawi.

"Si dua, jirani. Ni mchezo tu. Tunatunga maneno ambayo ukiyasoma toka mbele au toka nyuma yanabaki yaleyale."

"Ili iwe nini?"

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa kwenye cherehani ya pili, akadakia bila kuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiishona. "Redio imeharibika."

"Haya, nipeni langu basi."

Wifi akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mzee wako yuko wapi saa hizi?"

"Ndani. Kalala."

"Basi chukua hili: alala, anona, alala."

Jirani akalitamka akifuata herufi kwa kidole juu ya mfuniko wa ndoo, akaenda nalo, akarudi nalo. Kufika mwisho akatikisa kichwa. "Huyo ni mume wangu mtupu," alisema, akaondoka akilirudia. Kabla jua halijazama, mwenye kulala alikuwa ameshalisikia na yeye, na kwa siku kadhaa hakuwasalimia mafundi.

Mchezo huo uliingia nyumbani na marehemu. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa, enzi zile kila herufi ilipokuwa kipande kidogo cha madini ya risasi, unaiokota kwa ncha za vidole na kuipanga na wenzake kwa kinyume, ili ikigandamizwa kwenye karatasi itoke sawasawa. Mtu aliyeshinda akisoma kinyume, jioni macho hayakubali kugeuka. Alisoma kinyume karatasi ya sabuni, boksi la dawa, maandishi ya kwenye gunia. Wiki ya kwanza ya ndoa alimkuta mkewe kanyamaza jikoni, akamwambia, "Anuna, anena, anuna." Bibi harusi hakujua kama anachekwa au anagombezwa, akanuna kweli. Dada mtu, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kukaa nao, akamjibu kaka yake kwa niaba ya wifi: "Aona, aoa, anoa. Angalia kisu chako kiko wapi, kaka." Tangu hapo wakawa watatu.

Mama Pindo aliishia shule ya msingi, lakini mchezo ulimkaa haraka kwa sababu aliuelewa kwa njia ya kitambaa. Unapotaka kukata shati unakikunja katikati, na upande wa huku lazima ulale juu ya upande wa kule, bega kwa bega, kwapa kwa kwapa. Neno nalo ni hivyohivyo. Kwanza unatafuta mkunjo uko wapi. Halafu unatazama mlango, maana maneno yetu karibu yote huishia na sauti ya wazi, a, e, i, o au u, kwa hiyo neno lililoanza na b au k limeshakwama mlangoni kabla ya kuingia: halina wa kulipokea mwisho. Ila ukipata a, umepata nusu ya kazi. Mtu yeyote anayefanya jambo huanza na a, na jambo lenyewe mara nyingi huishia na a. Anena. Abeba. Hayo yalikuwa yanajitosha, wao waliyaita wapweke. Mengine yalitaka mwenza, na hapo ndipo penye utamu, kwa sababu mwenza humchagui. Unaligeuza neno na unapokea kinachokuja, kiwe takataka au kiwe dhahabu.

Dhahabu yake ya kwanza aliipata akiosha vyombo. Alikuwa analigeuza neno amani, bila kutarajia kitu, likaja inama. Inama, amani. Nusura sahani imponyoke. Mumewe aliposikia alibaki na kijiko hewani, akasema kwa miaka yote aliyopanga herufi hajawahi kupata la namna hiyo. Sifa ile ilimkaa Mama Pindo moyoni kuliko gauni lolote alilowahi kununuliwa.

Alikuwa na sharti moja tu: jina la Mungu haligeuzwi, wala neno lolote la sala. Sharti hilo alilishika. Ila kuna nyakati alikuwa amepiga magoti, na herufi zinaanza kujigeuza zenyewe kichwani, pole pole, kama mtoto anayechezea pindo la nguo ya mama yake kanisani. Alikuwa akitubu, anaanza upya.

Marehemu alipofariki na watu wa msiba wakatawanyika, wanawake wale wawili walibaki wakitazamana juu ya cherehani zao. Mama Pindo hakuwa anakula. Chai inawekwa, inapoa, inaondolewa. Siku moja wifi aliitazama ile chai, akamtazama yeye, akasema taratibu, "Asusa."

Mama Pindo akaligeuza. Lilikuwa lilelile. Akacheka, kisha akalia, kisha akanywa chai.

Kuanzia hapo mchezo ndio ulikuwa maongezi yao. Asubuhi wanasalimiana kwa mkato, wanatia uzi, na mmoja anasema, "Nipe." Mwenzake anatupa neno, na yeye analirudisha. Wifi alikuwa hodari. Mama Pindo alipokuwa bado anatafuta mkunjo, yeye ameshafika upande wa pili anamngoja. Habari za mwili kuuma, za ndoto mbaya, za yule kaka aliyelala makaburini, hazikuguswa. Mama Pindo hakuona pengo. Kwake yeye, mtu anayelijua neno lako litakavyorudi kabla hujalimaliza, huyo mmeshaongea.

Halafu neno likaanza kuchelewa kurudi.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Wifi alikuwa anatupiwa neno, anasema "ngoja," anaendelea kushona, na analisahau. Mchana alikuwa anatoka bila kusema anakokwenda. Siku moja Mama Pindo aliona msumari wa kutundikia mkasi wa wifi uko mtupu. Kesho yake mkasi ukawepo, umefungwa kwenye kitambaa kama kitu kilichotoka safari. Mama Pindo ni mtu wa macho, haachi kitu kipite. Aliona yote, akameza.

Jirani ndiye aliyeleta kilichobaki. Aliingia kuazima pasi, akainama karibu. "Wifi yako nimemwona kule njia panda, kwenye kile chumba kikubwa cha ushonaji, chenye mlango wa kioo. Alikuwa amesimama kwenye meza yao, anakata kitambaa. Mimi sisemi kitu. Nasema nimemwona."

"Ahsante, jirani. Pasi ina moto, angalia vidole."

Kuuliza ilikuwa jambo la dakika moja. Angesema, wifi, unataka kuniacha? Hakusema. Alikaa na kitu hicho kifuani kama sindano iliyosahaulika kwenye kitambaa, kila akigeuka kinamchoma. Aliogopa chumba kubaki na cherehani moja inayonguruma. Aliogopa kutupa neno likaishia ukutani. Na kwa kuwa hakuthubutu kuuliza kwa mdomo, akaanza kutafuta neno la kumwuliza.

Alilipata mahali ambapo hakupaswa kulitafuta. Alikuwa kwenye sala ya asubuhi, anaombea ushirika wao, ubia wao wa cherehani mbili, na neno hilo likajikunja lenyewe midomoni: ubia, aibu. Safari hii hakutubu. Aliona si bure, aliona amepewa.

Alasiri ya siku hiyo walikuwa wanashona mashati ya shule. Jua liliingia dirishani na kuonyesha nyuzi zilizotapakaa sakafuni. Mama Pindo alingoja wifi amalize mkono wa shati.

"Nikupe?"

"Nipe."

"Alika."

Wifi hakufikiri hata. "Akila. Na katikati unatia anuna: alika, anuna akila. Kama mume wa jirani ukimkaribisha."

"Taratibu, atasikia."

"Asikie mara ngapi." Walicheka, na kwa kitambo kidogo kila kitu kilikuwa kama zamani. Mama Pindo angeweza kuachia hapo. Alijua hivyo.

"Nikupe jingine?"

"Nipe."

"Ubia."

Mguu wa wifi ukasimama kwenye kanyagio. Mama Pindo alikuwa anamtazama machoni, na aliona macho yale yakienda upande mmoja na kurudi, haraka, kama yanavyofanya siku zote. Neno lilikuwa limeshakunjwa. Lakini wifi akainamia shati.

"Hilo halina mwenza."

"Linaye."

"Basi simjui."

"Unamjua, wifi. Umeshafika kwake."

Wifi akakata uzi kwa meno, akalikunja lile shati, akaliweka juu ya wenzake. "Aibu," alisema. "Haya, nimerudisha. Umeridhika?"

Mama Pindo alivuta shati jingine, akaligeuzageuza mikononi.

"Jirani kakwambia," wifi aliendelea.

"Aliniambia kakuona."

"Kaniona kweli. Sikujifunika. Waliniita wakasema nikate shati moja, waone mkono wangu. Nikaenda na mkasi wangu, nikakata. Wakaupenda."

"Na hukuniambia."

"Na hukuniuliza." Sauti ya wifi haikupanda. Alikuwa anaongea kama mtu anayepima kitambaa. "Umeona natoka, umeona mkasi haupo. Wewe kitu gani hukioni? Ukaenda ukatafuta neno. Ukalinoa kwanza, ndipo ukanitupia."

"Ulikuwa mchezo, wifi."

"Huo haukuwa mchezo." Alijisugua macho kwa nyuma ya kiganja. "Tangu kaka afariki, umewahi kuniuliza nimelalaje, ukangoja nimalize kujibu? Unanipa neno, narudisha. Unanipa jingine, narudisha. Hata nilipougua koo ulinipa neno, nikarudisha kwa kunong'ona. Nimekuwa kama ukuta kwako, unapiga kelele usikie sauti yako."

"Mimi nilidhani unapenda."

"Napenda. Kwani nani mwingine nitacheza naye? Ila na mimi ni mtu." Akatazama nje, ambako jirani alikuwa anapanga ndoo zake kwa kelele nyingi kuliko kazi ilivyotaka, kisha jirani huyo akaziacha ghafla. "Wanataka jibu leo, kabla hawajafunga. Sijawapa."

"Unangoja nini?"

"Nakungoja wewe. Tangu juzi nakungoja. Nilisema moyoni, wifi ataona, ataniambia baki. Basi. Neno moja, wala halitaki kurudishwa. Ukiniambia baki, mimi nabaki."



Mama Pindo alitaka kulisema. Hakukuwa na kitu chochote duniani alichokitaka zaidi. Alifungua mdomo, neno lilikuwa hapo kwenye ulimi, jepesi, na kwa kuwa lilikuwa zito moyoni, akili yake ikafanya ilichozoea kufanya na kila neno zito kwa miaka yote ile. Ikalishika, ikatafuta mkunjo. Baki. Linaanza na b, limekwama mlangoni. Litie a mbele, litasimama: abaki. Sasa ligeuze, anza na i, ikaba. Abaki, ikaba. Ikaba nini? Koo? Kuna neno hapo au hakuna? Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, kwenda na kurudi.

Alipoinua macho, wifi alikuwa anamtazama midomo, ameshajua kwamba hata neno hilo linageuzwa.

Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na sura ya mtu aliyebisha hodi kwa adabu, akangoja, na sasa amejua ndani hakuna atakayefungua. Alisimama. Akapukuta nyuzi kwenye sketi yake, akautundua mkasi kwenye msumari, akautia mkobani.

"Wifi," alisema Mama Pindo. "Baki."

Lilitoka sawasawa, lilikuwa limetamkwa vizuri kabisa. Wifi alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu, kama anayelisikiliza likiisha. Kisha akaweka mkoba begani vizuri, akashuka ngazi ya mlangoni, akapita katikati ya ndoo za jirani na kushika njia ya kuelekea njia panda, kwenda kuwapa jibu.