Mji Usiogawanyika kwa Sita

Jumatatu asubuhi karani wa takwimu wa idara ya maji alifungua dirisha, akapuliza vumbi kwenye kikokotoo, akaugawa mji. Mji ulikuwa na watu 1,000,003. Kanda sita, siku sita za mgao, Jumapili pampu zipumzike. Kila kanda ilipata watu 166,667, akabaki mtu mmoja.

Akajaribu kwa saba, kwa kumi na moja, kwa mia moja na tisa. Wapi. Ilikuwa namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja au kwa yenyewe. Akairudisha sita, akaenda nyumbani.

Aliyebaki alikuwa mama mkwe wake. Maji aliyomiminiwa yalipanda kutoka kwenye kikombe yakarudi kwenye jagi. Mvua ikinyesha ilimpisha. Alikuwa akiishi kwa machungwa, kwa sababu idara ilikuwa haijahesabu machungwa.

“Mwanangu, katika watu wote hao, aliyezidi ni mimi?”

“Si mimi niliyechagua, mama. Ni namba.”

“Basi hiyo namba ije iniamkie.”

Mkewe karani alicheka huku ameshika tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi kumi na moja. Idara ilikuwa imewaomba wananchi wasizaliwe wala wasife mpaka ratiba ikamilike, na wananchi walikuwa wakijitahidi. Hospitalini mahututi walicheza karata.

“Si mngeugawa kwa moja tu?” alisema mama mkwe. “Fungueni mabomba mji mzima, tuchote wote kwa pamoja.”

Karani alilifikisha wazo hilo kwa mkurugenzi, ambaye nyumba yake ilikuwa kilimani. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Watu wa bondeni wakifungua siku moja na mimi, kijana, bustani yangu itakunywa nini? Na huyo ni mtu mmoja katika milioni. Huyo si mtu, ni vumbi.”

“Ni mama mkwe wangu, mzee.”

“Msalimie.”

Alhamisi mkewe alishindwa kuvumilia, akajifungua mtoto wa kike. Mji ukawa na watu 1,000,004. Karani alipiga hesabu akiwa amesimama kando ya kitanda, kisha akakimbia mpaka ofisini.

“Sasa inagawanyika kwa nne, mzee! Kila kanda watu 250,001. Habaki mtu!”

“Hongera sana kwa mtoto,” alisema mkurugenzi. “Lakini mabango ya kanda sita yameshapakwa rangi.”

Kwa sita, walibaki wawili.

Nyumbani mkunga alimfuta mtoto kwa taulo kavu, maana maji yalikuwa yamejibanza upande mmoja wa beseni. Maziwa ya mama yake yalishuka vizuri, hayakuwa chini ya idara. Alasiri mvua ikashuka kwa kishindo. Mama mkwe alimbeba mjukuu wake bila mwavuli, akatoka naye uani, akawa anamwonyesha paa moja baada ya jingine.

Jirani alichungulia dirishani.

“Bibi, maadamu mko huko nje, nisogezee ndoo yangu chini ya bati.”

Akaisogeza kwa mguu. Ilijaa upesi.