Mia Nne kwa Bilioni

Mvua iliwakuta Ndambuki na mkewe Mutindi katikati ya mavuno, huko Njukini. Mahindi yakaingia ghalani yakiwa na unyevu, ila kwa macho yalikuwa meupe, mazuri. Kuku walipoanza kufa, wakasema ni kideri.

Wakesho, mtafiti kutoka maabara moja mjini Voi, alikuwa amechukua sampuli za mahindi hayo. Aliporudi na majibu, majirani walijaa uani.

"Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, imefika sehemu mia nne kwa bilioni," alisema. "Inayoruhusiwa ni kumi."

"Bilioni?" Ndambuki aliuliza. "Yaani kwenye punje bilioni, mbaya ni mia nne tu?"

"Si punje, mzee. Ni uzito..."

Hakumaliza. Watu walikuwa wanacheka. Jirani mmoja alisema hata mawe kwenye maharagwe ya sokoni yanazidi hayo.

Mutindi peke yake hakucheka. "Mwanangu, nikila haya mahindi, nitakufa?"

Moyoni Wakesho alitaka kujibu ndiyo. Lakini alikuwa amezoea kutosema asichoweza kuthibitisha. "Inategemea, mama. Inategemea umekula kiasi gani, na ini lako likoje. Siwezi kusema kwa uhakika."

"Basi hata wewe hujui," Mutindi alisema, akashusha pumzi.

Akaenda jikoni, akarudi na sahani yenye mvuke ya muthokoi, mahindi yale yale yaliyokobolewa na kuchemshwa. Wakesho aliitazama. Aliona aibu kumkatalia waziwazi mama wa watu mbele ya wageni.

"Asante, mama. Nimekula Voi."

Majirani wakaketi, wakala. Wakesho akaaga.

Ndambuki alimpigia simu wiki iliyofuata. Mutindi alikuwa amelazwa Taveta, macho manjano, tumbo limejaa kama ngoma. Jirani yule wa maharagwe alikuwa ameshazikwa.

Wakesho alimkuta mzee nje ya wodi, ameshika kofia mkononi.

"Yale mahindi yanaua," alimwambia. "Msile hata punje. Yachomwe yote."

"Sasa nimekuelewa, daktari," Ndambuki alisema. "Mbona siku ile hukusema hivyo?"

Wakesho akauliza kama mahindi bado yako ghalani.

"Yako magunia mawili. Mengine nimeuza Jumamosi."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja sokoni. Alisema ni ya shule."

"Shule gani, mzee?"

Ndambuki alitikisa kichwa. Hakuwa ameuliza.