Mapengo ya Masjala

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Aliwashonea wake za watu magauni mpaka wakasahau kwamba wana vitambi. Siku nyuki walipomvamia, uso ulimvimba hata macho yasionekane. Zahanati wakamchoma sindano ya mzio mkononi, ile inayoleta usingizi. Akalala kutwa nzima. Alipoamka, mkono wa kulia haukuamka naye.

"Dada, vidole havinisikii," aliniambia, akicheka. Alidhani ni ganzi tu.

Mimi ni karani wa masjala ya hospitali. Nilimpeleka kwa daktari wetu wa mishipa ya fahamu, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Huenda ni dawa," alisema. "Kwa mgonjwa mmoja siwezi kusema zaidi."

"Na wakiwa wengi?"

"Watafute."

Tukaomba kibali cha kupekua mafaili, tukapewa. Kwa miezi minane, kila nilipomaliza kazi zangu, nilifungua mafaili ya zamani nikimeza vumbi. Nikawapata kumi na mmoja: mpishi wa shule, dereva wa lori, mama wa mapacha. Wote walichomwa sindano ileile. Usingizi, kisha mkono uliochomwa ukapooza. Daktari akaandika ripoti kwa kamati ya dawa ya hospitali. Nililala nikiota mdogo wangu anakanyaga cherehani.

Kamati ilijibu kwa aya mbili. Idadi ni ndogo. Kumbukumbu zina mapengo: katika mafaili saba haikuandikwa kipimo cha dawa, wala mahali hasa sindano ilipoingia. Dawa iendelee kutumika.

Daktari aliikunja barua. "Hawajakosea," akasema taratibu. "Mapengo yapo."

Hilo ndilo lililonikata maini. Miaka kumi na tano nimepokea fomu zisizojazwa, nikazigonga muhuri, nikazipanga rafuni zikapendeza. Sikumrudishia muuguzi hata moja.

Nilimkuta mdogo wangu ameibana sindano kwa meno, akijaribu kutunga uzi kwa mkono wa kushoto. Nilimweleza yote, pamoja na hilo la fomu. Nilitaka anitukane.

"Funika kombe, dada," alisema bila kuitoa sindano mdomoni. Uzi ukapita pembeni. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Acha!"

Akajaribu tena na tena. Mwishowe akaitema sindano mezani, akanigeuzia mgongo.

"Nifunge vifungo vya gauni," akasema. "Nataka kutoka nje kidogo."