Pazia la Kizuka

Mwanamkasi alikuwa akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Kila ulipotakata aliyarudisha mawe na chenga ndani ya ungo, akachanganya, akaanza upya. Hivyo ndivyo alivyoshinda tangu Mwidani, mumewe, azikwe, na dada yake Mbeyu alikwisha kuchoka kumuuliza.

Nje palibishwa hodi. Alikuwa Awadh, mwenye ardhi. Hapo Mtongwe nyumba ilikuwa ya Mwidani, aliijenga kwa mikono yake, lakini kiwanja kilikuwa cha Awadh. Hakuingia. Alisimama nyuma ya pazia la mlangoni, kwa kuwa mjane aliye edani, kizuka, haonwi na wanaume wa kando. Na Awadh kwa dini humuwezi.

"Shikamoo, Bwana Awadh," alisema Mbeyu.

"Marahaba. Mpe nduguyo pole. Ardhi nimeiuza, na walionunua wataka kiwanja kitupu kabla ya sherehe za uhuru."

"Eda haijaisha, bwana. Kizuka hahamishwi nyumba ya mumewe. Wewe wayajua hayo kutushinda sisi."

"Wallahi nayajua. Ndiyo maana sikumwambia ahame. Naivunja nyumba tu. Yeye na akae."

Mbeyu aliangua kilio. Mwanamkasi aliitafuta hasira moyoni mwake, hakuiona. Aliona jiwe, akalitoa.

Kesho yake mafundi waliteremsha makuti, wakaja kwenye kuta, wakabomoa udongo na kung'oa fito.

"Inamisheni nyuso!" Awadh aliwakemea kutoka njiani. "Muna kizuka humo!"

Wakainamisha nyuso, wakaendelea kupiga mashoka. Vumbi liliingia katika mchele. Mwanamkasi alilifurahia kidogo, maana kazi iliongezeka, na furaha hiyo ilimtisha Mbeyu kuliko mashoka.

"Dada, lia basi," alimsihi. "Lia nikuone."

"Nimalize huu kwanza."

Kufika alasiri palisalia miimo ya mlango na pazia lake. Pande zote nyingine zilikuwa wazi, na waliotoka msikitini walimwona kizuka ameketi juani na ungo wake, wakaharakisha kupita. Awadh alikuja hadi mbele ya pazia, akageuza uso pembeni kwa heshima.

"Hodi, mama. Twautaka na mlango."

Mwanamkasi aliyarudisha mawe ndani ya ungo, akachanganya.

"Karibu," alisema.