Sale la Mama Primus

Taa tatu zilitokeza juu ya migomba jua likiwa limetoka kuzama, zikaenda kimya kama ndama waliofungwa kamba moja.

"Flavia, usiangalie moja," baba mdogo Kornel aliniambia. "Angalia zote. Nafasi kati yao haibadiliki. Hizo ni setilaiti za vita, zinatafuta meli."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, na kuongea mbele ya watu kulinishinda. Yeye alinifundisha bila kunidai maneno. Wakati wa vita vya mwaka 1978 kazi yake ilikuwa rada: nukta zikitokea kwenye kioo, alitazama mwendo wao akasema zipi zetu, zipi za adui. Siku moja alisema adui, wakaitungua. Ilikuwa ndege yetu. Rubani aliitwa Primus, mtoto wa Uru hukuhuku, ng'ambo ya mto. Mama yake aliambiwa tu kwamba amefia vitani.

Kila mwaka baba mdogo alikata tawi la sale, mmea ambao Mchagga akikuletea kuomba msamaha huwezi kumkataa. Kila mwaka lilinyauka dirishani. Mwaka 1993 alinipa nilibebe ndani ya kanga, tukavuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibuni. Na huyu binti, ulimi kauacha nyumbani?" Mama Primus alicheka, akatuletea mbege, pombe ya ndizi.

Tulikaa uani mpaka giza likaanza kuingia. Zile taa zikapita.

"Hivyo ni vitu gani, baba?" Mama Primus aliuliza.

"Mitambo ya vita, mama. Inatazama adui."

"Kutoka kote huko juu? Inamjuaje?"

"Kwa mwendo wake."

"Na ikikosea?"

Baba mdogo aliangalia kata ya mbege mkononi mwake. Mimi nililishika sale kwa nguvu mpaka likanilowesha kiganja. Nilingoja anyooshe mkono. Akasema, "Tuage, Flavia. Ng'ombe hawajapewa majani."

Njiani hakugeuka. "Ningempa, angenisamehe," alisema. "Mila ingemlazimisha. Nilitaka aweze kukataa."

Msimu wa kahawa uliofuata haukumkuta Mama Primus. Walimzika kihambani kwake, kwenye shamba la migomba la ukoo. Baba mdogo alikata tawi bichi, akanipa.

"Kapande wewe."

Nililichomeka kichwani pa kaburi, nikarudi. Lilishika. Sasa limenizidi kimo, na kila nikitoka huko namkuta baba mdogo uani kwetu, uso juu, akingoja zile taa tatu. Hajawahi kuniuliza kama lilishika.