Meza Iliyofika Koridoni

Jumatatu jioni seremala alipima meza ya chakula akakuta imeongezeka sentimita kumi na mbili tangu Ijumaa. Aliitengeneza mwenyewe, ya watu wanne, na sasa ilikuwa imepita mlango wa sebule na kuingia koridoni. Mara mbili alikuwa ameikata kwa msumeno. Vipande akatengenezea vigoda, vikapata wateja siku hiyo hiyo. Meza ikaendelea kurefuka, hasa siku walizokula kimya.

Mkewe, muuguzi, alikaa ncha moja. Binti yao wa pekee, aliyekuwa akipiga vanishi kwenye karakana ya baba yake, alikaa ncha nyingine, huko koridoni. Seremala alikuwa katikati, akipitisha mabakuli.

"Kuna mshauri wa familia pale zahanati," alisema mkewe. "Twende."

"Tukaseme nini? Kwani kuna anayegombana hapa?"

"Ndiyo hilo lenyewe, mume wangu."

Mshauri alikuwa mama mnene mwenye mafua. Alipotajiwa urefu wa meza aliuandika kwenye faili bila kuinua macho.

"Mita nne na nusu. Si mbaya. Nina familia nyingine, yao ni ngazi. Wakitaka kwenda chumbani wanafunga chakula cha njiani."

Sharti lake lilikuwa moja: anayesema asikatwe kauli.

Wiki ya kwanza walisemeshana kuhusu zamu ya bafu, meza ikapungua shubiri. Wiki ya pili muuguzi alisema amechoka kuwa yeye tu anayeuliza wenzake wameamkaje. Meza ikatoka koridoni. Wiki ya tatu seremala aliikunjakunja kofia yake magotini.

"Mwanangu, barua ya kukubaliwa chuo cha ualimu ilikuja. Ile ya miaka kumi na moja iliyopita. Niliificha. Ulikuwa umeshaanza kuzijua mbao, nikaona ukienda umeenda."

Mshauri akapenga kamasi. Binti alitazama kucha zake zilizoganda vanishi.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua baadaye. Nikanyamaza."

Binti alilia, kisha akaongea dakika arobaini. Alianza mwanzo, akafafanua, akarudia pale walipoonekana hawajaelewa. Seremala hakuwahi kumsikia akisema mfululizo hivyo. Alielewa kila neno, akaona aibu.

Walipofika nyumbani walikuta meza imerudi ya watu wanne. Mwisho wa mwezi ilikuwa ya watatu, tena wa kubanana.

Binti aliandikia chuo. Chuo kikajibu kwa adabu kwamba umri wa kupokelewa umempita. Akaendelea na vanishi.

"Ningekuwa mwalimu mzuri," alisema jioni moja, chakula kikiwa bado cha moto.

"Mzuri sana," alisema baba yake.

Viwiko vyao viligusana. Hakuna aliyeondoa chake.