Mgonjwa wa Nne

Bi Hamdiya wa Temeke alikuwa mzima wa afya, lakini kwa mwaka mzima wa elfu moja mia tisa hamsini na tatu hakuna aliyemshinda kuumwa katika zahanati ya Daktari Anselmo kule Chang'ombe. Kila mwezi alitoka kwake akitembea vizuri tu, na akikaribia mlango ndipo alipoanza kuchechemea. Mara jicho limeingia ukungu, mara ganzi imepanda mpaka kiunoni, mara mkono unaangusha kikombe. Alipewa dawa, akampelekea nyumbani mwanawe Nunu, ambaye ndiye mwenye jicho hilo, kiuno hicho na mkono huo.

Nunu alikuwa ameposwa na Masoud, na harusi ilikuwa baada ya mfungo. Watu wakijua mwari ana maradhi ya miguu, posa inarudi. Nyie mnaosema angenena tu ukweli, bila shaka hamjawahi kuwa na binti wa kuozwa.

Siku moja Bi Hamdiya alimkuta karani wa zahanati, Bwana Revelian, mtu wa Bukoba, amezungukwa na kadi za wagonjwa.

"Shikamoo, Bi Hamdiya."

"Marahaba. Leo umefungua soko la kadi?"

"Tunahesabu. Daktari anataka kujua, katika watu elfu tatu anaowatibu, wangapi wana huu ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaokuja, ukaondoka, kisha ukarudi. Vitabu vyake vinasema huku kwetu haupo. Yeye anadhani upo, ila hakuna aliyewahi kuuhesabu. Jumatatu anapita daktari bingwa kutoka Nairobi, na atawaona hao waliohesabiwa tu."

Bi Hamdiya alifurahi mpaka akasahau kuchechemea. "Basi na mie nimo!"

"Ulikuwamo, wa nne. Daktari amekufuta. Magoti yako yanaruka sawasawa yakigongwa, macho yako yanaona, na ugonjwa wenyewe huanza ujanani. Amesema umshukuru Mungu, huna kitu."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya Temeke mtu aliambiwa ni mzima akataka kulia. Alikunja na kukunjua ncha ya baibui lake. Bingwa angepita mara moja tu, na Nunu wiki ile alikuwa akishika ukuta kwenda msalani. Akasogea karibu na meza, akanong'ona, "Si mie ninayeumwa, Bwana karani. Ni mwanangu."

Revelian aliweka kalamu chini. Alitaka kukasirika, kwa maana hesabu yake ya wiki tatu ilikuwa imevurugika, lakini alipomtazama usoni hasira ilimwisha. Chini ya jina la mama lililokwisha futwa akaandika: Nunu binti Muhsin, miaka kumi na tisa.

"Aje mwenyewe," akasema. "Bingwa hapimi mama kwa niaba ya mtoto."

Jumatatu walikwenda. Bi Hamdiya alijua fika nani huwa kwenye benchi la asubuhi, na kweli Mwamvita, shangazi yake Masoud, alikuwapo na kikohozi chake. Nunu alipita mbele yake ameegemea bega la mama, akiburura mguu mmoja. Mwamvita aliwasalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akaondoka bila kungoja dawa.

Ndani, bingwa alimuuliza Nunu ni jicho gani lililopata ukungu.

"La kushoto."

Daktari Anselmo akatazama kadi ya mama. Mwaka mzima ilikuwa imeandikwa la kulia. Bi Hamdiya alihisi uso ukimwaka. Kila mara alikuwa akikaa mbele ya mwanawe, akimtazama, akibeba alichokiona kama mtu ajitazamaye kiooni.

Bingwa hakuficha kitu. Ndio ugonjwa wenyewe, alisema, na dawa ya kuuondoa hakuna, ila wengi huishi nao miaka mingi. Ajiepushe na joto kali, asijichoshe. Hesabu ya Daktari Anselmo ikarudi kuwa wanne.

Alasiri mshenga alifika. Alizungumza kwa adabu, na posa ikarudi.

Alipoondoka, Bi Hamdiya alilia waziwazi, hakujali tena majirani. "Nisamehe, mwanangu. Mie ndiye niliyekuharibia."

Nunu alikuwa amelala kitandani, miguu ameinyoosha. Hakuwa akilia.

"Masoud atapata mke, mama. Mwaka mzima umeumwa wewe, ukaulizwa wewe, ukajibu wewe. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa mie panauma wapi."

Bi Hamdiya alifuta uso kwa upande wa kanga. Alivuta kigoda, akakaa, safari hii ubavuni mwa mwanawe, si mbele yake.

"Haya, nambie na mie. Panauma wapi?"

Nunu akaanza kueleza. Mengi yalikuwa mageni kwa mama yake, naye hakumkatiza.